Ukitaka Kujua Gold Wing Iliteleza Wapi, Muulize Aliyekaa Nyuma

Wasee, nimechoka. Mtu akiweka video ya Honda Gold Wing, chini yake vita ni ile ile. Upande huu wazee: "Hii ya 2018 si Gold Wing, wameinyoa." Upande ule vijana: "Mzee tulia, imekuwa nyepesi, inakata kona, songa na wakati." Miaka inapita na hakuna anayeshinda, kwa sababu wote wanabishana kuhusu mtu mmoja tu: yule ameshika usukani.

Msimamo wangu ni huu, na sitaurembesha. Pikipiki ya safari ndefu hupimwa kutoka kiti cha nyuma. Ukiisoma historia ya Gold Wing ukiwa umekaa hapo, utaona Honda wakipanda ngazi miaka arobaini, wakiteleza 2018, halafu 2021 wakirudi kimyakimya kuokota walichoangusha.

Twende mwanzo. Gold Wing ya kwanza, GL1000, ilionyeshwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1974, ikaanza kuuzwa 1975. Injini cc 999, silinda nne zimelala, mbili kila upande, inapozwa kwa maji, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Tangi la mafuta liliwekwa chini ya kiti. Pale juu ambapo ungetarajia tangi palikuwa na kifuniko tu. Uzito ukikaa chini hivyo, pikipiki inatulia, hata mkiwa wawili.

Lakini abiria alipewa nini? Nusu ya kiti. Hakuna kioo cha kuzuia upepo, hakuna masanduku, hakuna mahali pa kuegemea mgongo. Ilikuwa uchi kabisa.

Hapa ndipo vijana hunirukia: "Si umeona? Ya kwanza ilikuwa nyepesi! 2018 ni kurudi nyumbani!" Buda, ngoja. Angalia wenyewe waliifanyia nini. Kule Marekani watu walinunua GL1000, kisha wakatafuta ngao za upepo, masanduku na viti vya kuegemea kutoka kwa watengenezaji wengine. Craig Vetter alikuwa na ngao yake inaitwa Windjammer, na Gold Wing nyingi za wakati huo ziliivaa. Yaani watu walilipa mara mbili: kwanza wakalipia pikipiki, halafu wakalipia vitu vya kuifanya ibebe watu wawili mbali. Hao hawakuwa wanaharibu pikipiki. Walikuwa wanaimalizia.

Na Honda walisikia. 1980 ikaja GL1100, cc 1085, na toleo la Interstate lililotoka kiwandani tayari na ngao ya upepo, masanduku ya pembeni na buti nyuma. Mwaka huo huo wakaanza kuiunda Marysville, Ohio, karibu na wateja wenyewe. 1982 wakaleta Aspencade, starehe zikaongezeka. 1984 injini ikafika cc 1182. Halafu 1988 ikaja GL1500: silinda sita, cc 1520, mwili umefunikwa kote, na rivasi inayoendeshwa na mota ile ile ya kuwashia injini. Watu walicheka rivasi kwa pikipiki. Wewe jaribu kusukuma kitu cha kilo zaidi ya 350 kinyumenyume kwenye mteremko, ukiwa na mtu na mizigo, ndio ujue kama ni kichekesho.

Ukikaa nyuma, hiyo miaka inasomeka vizuri sana. Kila toleo jipya, abiria anapata kitu. Waendeshaji wa Gold Wing Marekani walikuwa na chama chao tangu 1977, Gold Wing Road Riders Association, na humo aliyekaa nyuma alihesabiwa kama mwendeshaji mwenza. Sikia hiyo lugha. Huyo si mzigo, ni mwenza.

2001 ikaja GL1800: cc 1832, fremu ya alumini, na kwa mara ya kwanza wazee na vijana wakakubaliana kuwa kitu kikubwa hivyo kinaweza pia kukimbia. 2006 ikawa pikipiki ya kwanza ya kuuzwa madukani kuwa na mfuko wa hewa. Huo mfuko unafunguka mbele ya dereva, na nampongeza Honda, lakini weka hilo akilini: hata usalama ulianzia mbele.

Na kwa wale wanaopenda kwenda peke yao? Hawakunyimwa. 1997 kulikuwa na Valkyrie, ile kruza iliyotumia injini ya GL1500 ikiwa wazi bila makoti. 2013 ikaja F6B, Gold Wing iliyoondolewa buti la juu. Ukitaka nyepesi, chukua hiyo. Ukitaka ya kubeba mtu wako, chukua Gold Wing kamili. Kila mtu na sahani yake, na hakuna aliyelala njaa.

Sasa tufike 2018. Nitakuwa wa haki, kwa sababu hiyo pikipiki ni kazi kubwa. Injini mpya ya cc 1833 yenye vali nne kila silinda. Kule mbele waliacha fimbo za kawaida wakaweka mikono miwili kama ya gari, ili mshtuko wa barabara usifike mikononi. Gia otomatiki za hatua saba kwa anayetaka. Uzito ukashuka kama kilo 40. Tangi likatoka lita 25 hadi 21, na sina shida na hilo, kwa sababu injini ilikuwa inakunywa kidogo zaidi. Honda walisema wazi wanataka kuvutia waendeshaji wachanga. Sawa kabisa.

Lakini zile kilo zilitoka wapi? Nyingine zilitoka kwenye injini na fremu, na hapo wahandisi wanastahili makofi. Nyingine zilitoka nyuma. Gold Wing ya kabla yake ilibeba zaidi ya lita 140 za mizigo. Ya 2018 ikabeba 110, na buti la juu likawa lita 50. Kioo na ngao vikapungua. Mgongo wa kiti cha abiria ukasimama wima zaidi.

Na usiniambie "si kuna toleo la Tour?" Nazungumzia hiyo hiyo Tour! Toleo la kawaida halina buti la juu kabisa, na hilo silalamikii, kwa sababu linajulikana ni la nani. Shida ni kuwa hata Tour, ile iliyouzwa kwa watu wawili wanaosafiri, ilipewa buti ambalo wenyewe walilalamika halitoshi. Mwenye kulipia ule wepesi alikuwa yule hakuulizwa.

Nitajuaje kuwa hii si chuki ya wazee tu? Kwa sababu Honda wenyewe walijibu. Tour ya 2021 ilikuja na buti la lita 61, mgongo wa kiti cha abiria umelazwa nyuma zaidi na umeongezwa sponji. Injini haikuguswa. Hawakurudi nyuma kwa upande wa dereva hata inchi moja. Walirekebisha kiti cha nyuma na buti. Kampuni haitengenezi upya kitu ambacho hakina shida.

Kwa hivyo wazee, wacheni kusema 2018 si Gold Wing. Pikipiki haikufa kwa kupunguza mwili. Na vijana, wacheni kuimba "nyepesi, nyepesi" kama nyepesi ni dini. Kupunguza ni kuzuri, mradi useme unapunguza cha nani.

Unaweza kuniuliza, sisi Kenya inatuhusu nini, na wengi wetu hatutawahi kugusa Gold Wing? Inatuhusu kwa sababu sisi ni nchi ya kiti cha nyuma. Wengi wetu maisha yetu kwa pikipiki tumekaa nyuma ya boda. Angalia boda ya mtaani: keria imechomelewa na fundi, kiti kimeshonwa upya, mwavuli umefungwa na vyuma. Ni Windjammer ile ile, wasee. Anayeitumia anamalizia kazi ambayo kiwanda kiliacha. Tofauti ni kuwa ndani ya miaka mitano mnunuzi wa Gold Wing alisikika, kiwanda kikaleta Interstate. Abiria wa boda bado anashikilia chuma huku vumbi likimpiga uso.

Na sisi tunaotengeneza video tumechangia. Tunauliza cc ngapi, inafika spidi gani, inalia aje. Ni lini uliona mtu akimpa maikrofoni yule aliyebebwa? Basi ukikagua pikipiki tena, beba mtu. Mpeleke mbali, saa mbili hivi, kisha nyamaza na umuulize: mgongo uko aje? Miguu ulikanyaga wapi? Ulishika nini tulipofunga breki?

Hayo majibu weka mwanzo wa video. Cc zitangoja.