Kofia Ngumu na Mteremko wa Soni

Ajali haina kinga, husema watu wetu, na kwa neno hilo uzembe mwingi umesamehewa. Limezuka sasa kundi la kinyume, liaminilo kwamba kinga yote ya mpanda baiskeli imo katika kofia ngumu. Kundi la kwanza lakata tamaa kabla ya kujaribu. La pili laridhika kabla ya kumaliza. Mimi simo katika lolote.

Kwanza haki ipewe deni lake: kofia yafaa. Mwaka 2016 wataalamu wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 juu ya majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000, wakaona kwamba kwa waliovaa kofia uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa ulipungua kwa asilimia 69 hivi. Atakayesema kofia ni pambo tu na aijibu hesabu hiyo.

Lakini tulisome swali kabla ya kushangilia jibu. Hesabu hiyo yahusu watu waliokwisha kuumia. Yatueleza yaliyokipata kichwa kilichogonga; haituelezi kwa nini kiligonga. Kukinga fuvu ni jambo moja, kuzuia anguko ni jambo la pili, na ayachanganyaye hudanganya hata kama hakukusudia.

Mwenye shaka na aje Usambara. Kutoka Lushoto kwa njia ya Soni mpaka Mombo ni kilomita 33 hivi, na barabara hushuka karibu mita 1,000, kona baada ya kona, mwamba mkono mmoja, korongo mkono wa pili. Mfikirie mkulima aliyefunga gunia la viazi nyuma ya baiskeli: mzigo wamsukuma, mpira wa breki umelika, lori laja nyuma yake. Kipimo cha Ulaya huijaribu kofia kwa kuiangusha kutoka kimo cha mita 1.5 hivi, ikafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kofia hiyo yaweza kumpunguzia jeraha. Haitamrudishia breki, haitampanulia njia, wala haitakinga mbavu zake.

Wapo watakao sheria. Jimbo la Victoria, Australia, lililazimisha kofia mwaka 1990. Hesabu zilizofuata mjini Melbourne zilionyesha wapanda baiskeli wachache zaidi, hasa vijana. Uholanzi wengi hupanda vichwa wazi, nao wako salama kuliko watu wa nchi nyingi, kwa kuwa walijengewa njia zao mbali na magari.

Kwa nini basi kofia yapendwa hivyo na wakubwa? Kwa sababu mnunuzi wake ni mnyonge, na ukingo wa barabara hulipiwa na hazina. Afapo mkulima kichwa wazi, husemwa, "Hakuvaa," na uchunguzi ukaishia hapo. Kinga imegeuzwa hukumu, na marehemu hana wakili.

Mkulima na avae kofia, naye asaidiwe kuipata. Lakini itanguliwe na breki nzima, ukingo wa kupitia, na lori lililopunguza mwendo. Enyi wanafunzi, mkiulizwa kama kofia yafaa, jibuni ndiyo bila kusita. Kisha, kabla muulizaji hajaondoka, mwulizeni yeye ameifanyia nini barabara.