LAPTOPU YA TAWI ISIHARAKISHIWE KUTUPWA

Ndugu wanachama,

Sisi wa reli tukaao Kombani twasikia wengine wakitaka laptopu ya tawi itiwe prosesa mpya, wengine wakitaka inunuliwe nyingine. Twakataa yote mawili.

Karakanani tumezoea injini kufunguliwa bolti ikatolewa. Laptopu si hivyo. Yetu ni ya mwaka 2016, Intel kizazi cha sita, na prosesa yake imechomelewa kwenye bodi. Kuibadili ni kununua bodi nzima. Fundi akiahidi vingine, na aifungue mbele yetu.

Uzito wake watoka kwenye diski ya kuzunguka. Itiwe SSD, na memori iongezwe.

Lakini liko jambo kubwa zaidi: daftari la wanachama, lenye namba za vitambulisho vyetu. Windows 10 ilikoma kupewa kinga ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haipokei rasmi prosesa ya umri huu. Basi itiwe Linux, ambayo ni bure, nayo yaandika barua na kupiga hesabu vilevile.

Michango ibaki kwa nauli za wenzetu wenye kesi katika mahakama ya kazi, Mombasa. Katibu atuletee bei ya SSD mkutano ujao.