Kiti cha Mzee Msikitini Si Uvivu



Ndugu zetu katika imani, kuna maneno tunayasikia misikitini na yanatuumiza. Mzee anavuta kiti pembeni mwa safu, kijana nyuma yake ananong'ona: "Huyu kazoea raha." Mwingine haoni haya kumwambia usoni kuwa imani yake imepungua. Matokeo yake mzee anakosa Alfajiri, kisha Ijumaa, mwisho anaswali nyumbani peke yake. Tusijidanganye, sisi ndio tuliomfukuza.

Tuwaulize wanaomlaumu: mnajua mtu anainukaje? Kaa kitini, nyoosha mgongo, ujaribu kusimama bila kuinamisha kifua. Hutaweza. Ni lazima urudishe miguu nyuma, uiname mpaka uzito uje juu ya nyayo, ndipo misuli ya mbele ya paja inyooshe goti na kukuinua. Inapovuta hivyo, goti hubanwa kwa nguvu. Kijana hahisi kitu. Lakini mzee ambaye gegedu linalokinga mifupa ya goti lake limelika, huhisi maumivu makali, na mara nyingi misuli yenyewe imeshadhoofika. Ndiyo maana anainama mno, anaegemea mguu ulio mzima na kujisukuma kwa mikono. Hayo si maringo!

Na kadiri anavyokaa chini zaidi, ndivyo mzigo wa goti unavyozidi. Kiti kirefu kina nafuu kuliko kigoda, na kigoda kina nafuu kuliko mkeka. Sasa hesabuni. Katika faradhi za siku moja, mwenye kuswali huinuka kutoka chini hadi kusimama mara 12, na mara 5 nyingine baada ya salamu. Jumla mara 17, kabla ya sunna yoyote.

Dini yetu haikumsahau mtu huyu. Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala. Akaelekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Nani basi aliyetupa sisi ruhusa ya kukaza pale Mtume alipolegeza?

Hatusemi kila mwenye umri akimbilie kiti. Wanachuoni wengi wanasema anayeweza kusimama asimame, akae pale tu anaposhindwa. Hata matabibu wanahimiza wenye magoti mabovu wafanye mazoezi, kwani msuli usiotumika huzidi kulegea.

Kwa hiyo, enyi kamati za misikiti, wekeni viti imara vyenye sehemu ya kushika, vyenye kimo cha goti au zaidi kidogo, na muviweke ndani ya safu, si nje mlangoni kama vya wageni. Nanyi vijana, angalieni nyumbani. Mama anakaa kwenye kochi linalodidimia na anatumia choo cha kuchuchumaa kisicho na pa kushika, halafu mnashangaa kwa nini anaogopa kunywa maji!

Anayemcheka mzee anapoinuka, na akumbuke kwamba magoti yake naye yanahesabu miaka.

Wabillahi tawfiq.