Kiangazi cha Kano ni Msimu wa Tadbiri

Katika nchi za kaskazini ya dunia, ambako theluji huifunga ardhi kwa miezi mitatu au minne, wakulima wamejifunza tangu kale kuihesabu baridi kuwa sehemu ya kilimo chao: hapo ndipo mbegu hukaguliwa, zana hunolewa, na matuta ya msimu ujao huchorwa karatasini kabla jembe halijagusa udongo. Sisi wa uwanda wa Kano, katika Kaunti ya Kisumu, hatukujaaliwa theluji, lakini tumejaaliwa kiangazi, ambacho Wajaluo hukiita oro, nacho huingia mvua za vuli zinapokoma mwezi wa Desemba na kuondoka masika yanapoanza mwezi wa Machi. Dai langu ni kwamba muda huu, ambao aghalabu huhesabiwa kuwa mapumziko ya jembe, ni msimu kamili wa kazi wenye heshima sawa na wa kupanda na wa kuvuna, na kwamba sehemu kubwa ya mavuno yetu hapa Ahero hupatikana au hupotea ndani yake, kabla ya tone la kwanza la mvua kudondoka.

Ushahidi wa kwanza ni ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa Kano hunywea na kupasuka jua likiuwakia; mvua ikiuangukia huvimba, hunata, hushika jembe na magurudumu ya trekta, na maji husimama juu yake yasipate njia. Hivyo mtaro usiochimbwa Februari hauchimbiki Aprili, na tuta lisiloinuliwa wakati wa ukavu haliinuliwi tena ila kwa taabu maradufu. Juu ya hayo twaishi ubavuni mwa Mto Nyando, ambao huteremka kutoka milima ya Nandi na Tinderet, hupita Muhoroni na Ahero ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya watu, kisha huutua mzigo wake katika Ghuba ya Winam. Wazee wangali wanasimulia gharika ya miaka ya 1961 na 1962. Watu wazima wa leo wamejionea ya 1997, na ya 2020, ambapo mwezi wa Mei Ziwa Viktoria lilipanda likaipita alama ya mwaka 1964, na tena ya 2024. Jambo lililotujia mara nyingi kiasi hicho halistahili kuitwa ajali. Mwenye akili hulitia katika hesabu za msimu pamoja na bei ya mbolea.

Wala hatulazimiki kupanga gizani. Kila mwaka, mwezi wa Januari au Februari, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutanishwa na kituo cha ICPAC cha jumuiya ya IGAD wakatoa utabiri wa mvua za Machi hadi Mei, kisha Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya huufafanua kwa kaunti. Karibu nasi, huko Bunyore, ukoo wa Nganyi, mashuhuri tangu zamani kwa elimu ya mvua, umekaa baraza moja na wanasayansi wa idara hiyo, hawa wakisoma vipimo vya bahari na anga, wale wakisoma dalili za miti, upepo na wadudu, hata wakulima wakapewa kauli moja iliyokubaliwa na pande zote mbili. Lakini utabiri hunena kwa uwezekano, hautoi ahadi: husema kwamba mvua yaelekea kuzidi kawaida, au kuwa ya kawaida, au kupungua. Kwa sababu hiyo daftari la mkulima wa Kano na liwe na kurasa mbili: mmoja wa mvua nyingi, wenye kuonyesha ni sehemu ipi ya bondeni itakayoachiwa mpunga na ni mboga zipi zitakazopandishwa juu ya matuta, na mmoja wa mvua haba, wenye kuupa mtama nafasi ambayo mahindi yangeitaka.

Katika boma, tadbiri huanza na mbegu, na hapa elimu kubwa imo mikononi mwa mama zetu, ambao wamehifadhi mbegu za kunde, za mnavu tuuitao osuga, za mgagani tuuitao dek na za mlenda tuuitao apoth, ndani ya vibuyu, zikichanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe. Kiangazi ndicho wakati wa kuzitoa na kuzijaribu: huhesabiwa mbegu 100, zikafungwa katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku chache zikahesabiwa zilizochipua; zikiwa nusu tu, mwenye shamba hujua mapema kwamba hana budi kutafuta nyingine au kuongeza kipimo. Mpunga nao hutiwa katika maji yaliyokolezwa chumvi hata yai bichi likaelea. Mapepe huja juu yakatupwa, na punje nzito huzama zikaoshwa kwa maji safi kabla ya kupelekwa kitaluni. Kazi hizi hazina gharama kubwa, wala hazihitaji mvua. Zahitaji utulivu, ambao mwezi wa Aprili hautupi.

Tukitoka katika boma tukaingia katika mradi wa umwagiliaji wa Ahero, uliokamilishwa mwaka 1969, twakuta kwamba tadbiri ya mtu mmoja haitoshi. Kule katika mradi wa mpunga wa Mwea maji hushuka kwa mteremko yenyewe. Kwetu huinuliwa kutoka Nyando kwa pampu za umeme, na kila saa ya pampu ina ankara yake, na deni la ankara hizo lilichangia mashamba kukaa bila maji kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa karne hii. Basi wakulima wa mfereji mmoja wakitia miche kila mtu kwa siku yake, maji hupandishwa mara nyingi kwa faida ndogo, na mpunga huiva kwa mafungu, ukawaandalia kwelea, ndege ambao tumewaona wakishuka kwa makundi makubwa juu ya masuke, karamu ya wiki baada ya wiki. Mpunga wa Basmati 370 huchukua takriban siku 120 tangu mbegu hata mavuno. Kwa hiyo siku ya kuvuna ikishakubaliwa, siku ya kitalu hujulikana kwa kuhesabu nyuma, na hesabu hiyo ifanywe kikaoni, si kwa kila mtu kuchungulia jaruba la jirani. Wahenga wa Kijaluo hawakuwa wageni wa jambo hili, kwani desturi ya golo kodhi, ambamo mwenye boma na mke wake mkubwa hutangulia kutia mbegu ardhini na wanawe hufuata kwa daraja zao, haikuweza kutimizwa bila watu wa boma kukubaliana kwanza.

Kuna daftari jingine ambalo raia wengi hawalifungui, nalo ni la kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yataka waraka wa mwelekeo wa fedha wa kaunti ufike katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, kwa mwaka wa fedha uanzao tarehe 1 Julai. Maana yake ni kwamba fedha za kuzibua mitaro na kuimarisha kingo za Nyando katika kiangazi kijacho huombwa katika kiangazi hiki. Anayeziomba mwezi wa Mei, maji yakiwa yamekwisha kuingia nyumbani, hupewa mablanketi na unga wa msaada, na mtaro hubaki umeziba. Naamini kwa moyo wote kwamba serikali ya Kaunti ya Kisumu ingeweza kuokoa mali nyingi zaidi kwa kuitisha mabaraza ya bajeti katika kata za Nyando mwezi wa Januari, ikawauliza wakulima ni mtaro upi uliokufa na ni kalvati ipi iliyozama, kuliko kwa misafara yote ya huruma ifuatayo gharika.

Najua yasemwayo kinyume cha haya. Yasemwa kwamba maskini hana nafasi ya kupanga, kwa kuwa kiangazi kwake ni njaa, naye hushinda akichimba mchanga wa mto au akifanya kibarua katika mashamba ya miwa. Na yasemwa pia kwamba mto ukifurika huchukua pamoja mpango na mpangaji. La kwanza ni kweli chungu, lakini ni hoja ya kufanya tadbiri kwa vikundi, ili jioni moja ya wengi imfae yule asiye na jioni yake mwenyewe. La pili lina jibu lake katika methali kwamba akiba haiozi: mpango mwema huitazamia gharika, ukaweka theluthi ya mbegu kwa ndugu aishiye mahali pa juu, ili maji yakipungua pawe na kitu cha kurudisha ardhini. Aliyepoteza shamba akabakiwa na mbegu amepoteza msimu. Aliyepoteza vyote viwili hununua kwa mkopo, akaufanya msimu ufuatao kuwa wa mwenye duka.

Basi kabla ya Februari kwisha, kila boma la Kano na liwe limejaribu mbegu zake na kufungua mitaro yake, kila mfereji uwe na tarehe moja ya kitalu iliyoandikwa na kutiwa sahihi, na kila kata iwe imepeleka madai yake penye bajeti. Maandishi hayo hayataizuia mvua, lakini yatawapa wakulima haki mkononi: maana mtu aliyetimiza wajibu wake wakati wa ukavu, akaweza kuonyesha tarehe aliyoomba mtaro uzibuliwe, ndiye awezaye kusimama mbele ya watawala wake wakati wa mafuriko na kudai jawabu, wala asiridhike na sadaka.