Jezi ya Taifa Hushonwa Klabuni

Kila mara kocha wa timu ya Taifa anapotangaza wachezaji anaowaita kambini, mimi husikiliza jambo ambalo wenzangu hulipita. Wao husikiliza majina. Mimi husikiliza neno linalofuata kila jina. Fulani, Simba. Fulani, Yanga. Fulani, Azam. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi, zamani kwa redio ya betri barazani, siku hizi kwa simu ya mjukuu wangu, na sijapata kusikia jina likifuatwa na timu ya Nkwenda, wala Kaisho, wala Nyaishozi, wala Kayanga.

Ndugu msomaji, usiharakishe kucheka. Sidai kwamba Taifa Stars ijazwe Wanyambo. Ninalodai ni kwamba kocha wa Taifa huchagua klabu kwanza, na mchezaji huja ndani yake kama buni ndani ya ganda. Kijana ambaye hakulelewa na klabu yenye jina hayumo katika hesabu hata kidogo. Wahenga walikwisha kusema: asiyekuwepo na lake halipo.

Nianze na kisa kimoja, maana hoja isiyo na mtu ndani yake haina uzito. Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, zama hizo Karagwe ikiwa bado wilaya moja kabla Kyerwa haijakatwa mwaka 2012, nilikuwa na mwanafunzi aliyetumia mguu wa kushoto. Mpira wake wa kwanza ulikuwa wa majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba. Katika michezo ya UMITASHUMTA ngazi ya wilaya, walimu wa shule nyingine waliacha kuangalia timu zao wakawa wanamwangalia yeye. Alipomaliza sekondari, wazee wa ukoo waliuza kahawa kabla ya wakati wake, kwa bei ya hasara, wakampa nauli ya Dar es Salaam akafanye majaribio katika klabu moja ambayo sitaitaja.

Aliponisimulia yaliyompata, alisema swali la kwanza aliloulizwa langoni lilikuwa: “Unachezea wapi?” Akajibu kwamba anachezea timu ya kata. Aliyekuwa na daftari hakuandika kitu. Akaambiwa asubiri pembeni. Alisubiri siku tatu. Siku ya tatu akapewa dakika zisizozidi kumi, tena akachezeshwa beki wa kulia, yeye wa mguu wa kushoto! Akarudi nyumbani. Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyemwambia kuwa hajui mpira. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hakukataliwa, bali hakuonekana.

Sasa niwape haki wanaonipinga, maana nimewasikia mara nyingi pale Omurushaka tukinywa chai. Wanasema, “Mwalimu, kocha ana siku chache za kambi. Atawafundisha saa ngapi watu wasiofahamiana? Anawachukua waliozoeana klabuni, walio na daktari, uwanja mzuri na mlo wa kueleweka, waliokwisha kukomazwa na mechi za kimataifa.” Ni kweli. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa mbele ya USM Alger kwa tofauti ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali ya kombe hilohilo, ikafungwa na RS Berkane ya Moroko. Mchezaji aliyepita katika moto kama huo si sawa na anayecheza Jumapili alasiri kwenye kiwanja chenye mteremko, mbuzi wakisubiri mpira uishe warudi malishoni. Nakubali.

Lakini tazama: kwa kukubali hilo, mwenzangu amekwisha kuthibitisha hoja yangu. Amesema kwamba kinachomfanya mtu awe mchezaji wa Taifa ni uwanja, mlo, daktari, mwalimu na mechi ngumu. Hivyo vyote ni mali ya klabu. Havimo katika damu ya mtu. Basi tusiseme tena kwamba vijana wa Karagwe na Kyerwa hawana kipaji. Tuseme kweli: hawana klabu. Na tukisema hivyo, lawama inahama kutoka kwa kijana na kuja kwetu sisi wazee.

Wapo pia wanaosema kipaji hakijifichi, nao humtaja Mbwana Samatta. Huyu alitoka African Lyon akaenda Simba, mwaka 2011 akavuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Namheshimu sana. Lakini Samatta alikulia Mbagala, na Mbagala ni Dar es Salaam. Kutoka kwao mpaka uwanja wa mazoezi wa klabu kubwa ni nauli ya daladala. Kutoka Murongo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,300, siku nzima na usiku juu yake. Kipaji hujificha sana, ndugu zangu. Hujificha kama kahawa iliyoiva chini ya majani: asipopita mchumaji, huanguka ikaoza.

Ubaya mwingine wa kuitegemea klabu ni kwamba siku klabu na Taifa vinapogongana, mchezaji hujua nani anamlisha. Agosti 2018 kocha Emmanuel Amunike aliwaengua wachezaji kadhaa, wengi wao wa Simba, kwa kuchelewa kuripoti kambini kabla ya mechi na Uganda. Nchi nzima ilipiga kelele. Sisi huku hatukupiga kelele, tulipanda gari. Wazee wanne tulivuka daraja la Murongo, tukapita Mbarara mpaka Kampala, kwani kwa mtu wa Kyerwa Kampala ni karibu kuliko Dodoma. Tarehe 8 Septemba tuliiona Taifa Stars, pamoja na mapengo yake, ikitoka 0–0 na Uganda nyumbani kwao. Mbingu haikuanguka. Baadhi ya walioenguliwa walirudi baadaye wakasaidia, na tarehe 24 Machi 2019 Uganda ilifungwa 3–0 Dar es Salaam, tukaenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Sisemi tulifuzu kwa sababu ya kuwaengua. Nasema jioni ile ya Kampala ilionyesha kwamba mlango unaweza kufunguliwa kwa wengine, na nyumba isibomoke.

Tena hata ndani ya klabu hizo kubwa nafasi zinapungua. Kanuni za ligi yetu ziliongeza wageni hatua kwa hatua mpaka 12 kwa kila timu. Sina chuki na mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kijana wa Kitanzania anayekaa benchi nyuma ya mgeni katika klabu kubwa, nani anamwita mchezaji mzoefu? Amezoea nini, benchi? Na yule anayecheza dakika 90 kila wiki katika timu ya daraja la chini, kwa nini asiangaliwe hata mara moja? Hapo ndipo jina la klabu linapogeuka kuwa kilemba kinachoficha upara.

Ili nisionekane nalalamikia kandanda peke yake, nivuke mpaka niende Kenya, tena kwenye mchezo ambao huku kwetu wengi hawajawahi kuuona: raga. Huko Nairobi klabu za raga za zamani, kama Nondescripts, Harlequin na Impala, zilianzishwa enzi za mkoloni, zikiwa za Wazungu. Mkoloni aliondoka mwaka 1963, lakini mazingira ya klabu hayaondoki kwa kushusha bendera. Mwafrika aliyetaka kucheza alipaswa kwanza kukubalika katika klabu ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Mwaka 1977 wachezaji Waafrika wakaunda klabu yao wenyewe, wakaiita Mwamba. Hawakungoja kuitwa. Ni katika Mwamba hiyo walimocheza ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera. Mwaka 2016 Kenya, Injera akiwamo, ilitwaa kombe la raga ya wachezaji saba kule Singapore kwa kuifunga Fiji katika fainali, na mwaka huohuo Injera akawa mfungaji wa majaribio mengi kuliko wote katika historia ya mashindano yale ya dunia. Jiulize: bila Mwamba, wangapi wa namna hiyo wangeishia pembeni ya uwanja wakisubiri siku tatu?

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Magharibi mwa Kenya, katika kaunti ya Kakamega, kiwanda cha sukari kililea timu ya raga iitwayo Kabras. Mbali na Nairobi, katikati ya mashamba ya miwa! Mwaka 2016 timu hiyo ikatwaa Kombe la Kenya, na baadaye ikalirudia. Tangu hapo mchezaji wa raga hakulazimika kwenda Nairobi ili aonekane. Klabu ilihama ikamfuata kijana.

Na sisi Kagera tuna sukari yetu. Kwa miaka mingi Kagera Sugar ndiyo iliyobeba jina la mkoa katika Ligi Kuu, ikichezea Kaitaba pale Bukoba, mpaka iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Iliposhuka tulisikitika siku mbili, kisha tukarudi kubishana kuhusu Simba na Yanga. Hapa ndipo ninapotaka kuwakasirisha majirani zangu.

Tembea Kayanga, Nkwenda, Isingiro, hata senta ndogo yenye maduka manne. Utaona bendera nyekundu na bendera ya njano na kijani. Utakuta tawi lenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tunachangishana, tunakodi basi kwenda kuishangilia timu ya mtu mwingine. Sasa uliza timu ya kata hiyohiyo ina mipira mingapi. Mmoja, tena umeshonwa mara mbili. Uliza wavu wa goli uko wapi. Uliza nani huwapa vijana chai baada ya mazoezi. Wilaya hizi mbili zina kahawa, ndizi, maharage na vyama vya ushirika ambavyo vimewahi kujenga mambo makubwa kuliko kiwanja cha mpira. Penye miti hapana wajenzi. Tunamlaumu kocha wa Taifa kwamba hatuoni, nasi hatujajenga kitu cha kuonwa.

Wakubwa nao wasijifiche nyuma ya maneno yangu. Zamani palikuwa na Kombe la Taifa, timu za mikoa zikikutana, na kijana aliyevaa jezi ya mkoa wake alionekana na walimu wa Taifa bila kuulizwa klabu yake. Njia ile ilikuwa na kasoro, lakini ilikuwa njia ya pili. Leo iko moja tu, nayo hupita langoni mwa klabu chache. Agosti 2025 tulipoandaa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, mashindano ambayo kwa kanuni zake ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, tulifika robo fainali, tukatolewa na Moroko kwa bao 1–0. Nilifurahi. Lakini hata siku hiyo, iliyokuwa ya wachezaji wa nyumbani, wengi walitoka katika klabu zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nyumbani kwetu kumekuwa kudogo kiasi hicho?

Ninayoomba si makubwa. Shirikisho lirudishe mashindano ya mikoa kila mwaka, na watazamaji wa timu ya Taifa wakae Kaitaba mechi zote, si siku ya fainali tu. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa kila moja isawazishe kiwanja kimoja na kukizungushia uzio. Na sisi wenye matawi, kwa kila shilingi tunayochangia timu ya Dar es Salaam, tuchangie shilingi nyingine timu ya kata. Atakayeona hilo ni zito ajiulize bendera yake ilinunuliwa kwa fedha gani.

Yule kijana wa mguu wa kushoto sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda pale Omurushaka. Juzi alinibeba kunirudisha nyumbani. Aliponishusha alikataa nauli, akasema, “Mwalimu, mwanangu yuko darasa la tano. Naye anatumia mguu wa kushoto. Nimpeleke wapi?”

Nilisimama pale njiani na fimbo yangu, sikuwa na jibu. Nilimwambia aje Jumamosi tukaangalie kile kiwanja cha shule, tuone mteremko ule unahitaji majembe mangapi.