Wasaa wa Kushona

Wako wasemao kwamba mama wa Mkuyuni, mjini Mwanza, akipenda kushona hupata wasaa. Wamesema nusu ya neno. Kuunga vipande vya kanga kuukuu viwe shuka hakutaki siku nzima. Maharagwe yakitokota, aweza kushona mstari mmoja, akaiweka sindano na kuishika tena kesho. Lakini nguvu atazitoa wapi, naye tangu alfajiri amechota maji, akaenda sokoni, akafua? Mwanza i karibu na Ikweta, na jua huchwa karibu saa moja jioni mwaka mzima; usiku macho yamechoka. Basi wavulana na wachote maji. Wala wasione haya kushika sindano: mafundi wengi wa cherehani barazani ni wanaume, nao hawachekwi. Mvulana akijishonea kifungo cha shati lake, mamaye hupata robo saa kungali mchana.