Jina la nusu kwenye fishi halitoshi

Fishi yenye kuandikwa "Spodoptera" peke yake haina kazi kubwa kwetu. Lile ni jina la jenasi, kama vile jina la ukoo, si la mdudu mwenyewe. Ndani yake muko kiwavi jeshi cha zamani, chenye kutembea kwa makundi, kinakula majani halafu kinaenda. Muko pia kile cha Amerika, Spodoptera frugiperda, ambacho kilitangazwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Hiki kinaingia ndani ya moyo wa muhindi, kinakaa mule, na dawa yenye kupulizwa juu ya majani inakipita tu. Na dawa ile ni pesa za wanamemba.

Rekodi kama hizi zinapanda hadi kwenye GBIF, hifadhi ya dunia ya habari za viumbe, yenye makao Copenhagen. Kule kuko mingi zenye nafasi ya spishi tupu. Watu wanasema: mwenye kuandika hakujua. Mara ingine ni kweli. Lakini mara ingine jina lilikuwako: mtu alikosea herufi, mashine ikashindwa kulitambua, ikaacha jenasi peke yake. Jina la kwanza linabaki pembeni, vile lilivyoletwa. Ni pale pa kutafuta, mbele ya kukisia. Nafasi tupu inaonekana. Jina la kukisia halionekane, na kila mtu analiamini.

Huku kwetu jina linapotea mapema zaidi. Ajenti anauliza, mama anamutajia mdudu kwa Kinande ao kwa Mashi, na ajenti haandike kitu, juu eti si jina la kisayansi. Mimi sikubali. Jina lile, pamoja na kijiji, tarehe na picha, linaweza kurudisha mtu hadi kwenye spishi hata kisha miaka mingi.

Kwa kiwavi cha Amerika, telefone ya kijana yeyote inasaidia: Y yenye kupinduka kwenye uso, na madoa manne yenye kufanya mraba karibu na mkia. Kikiwa kidogo bado, alama hazionekane vizuri, mungoje kikomee.

Agronomu akileta fishi ya kusaini, muangalie kwanza nafasi ya jina. Ikiwa tupu, aandike pembeni vile mama alisema, na abebe mdudu ndani ya chupa yenye alkoli.